Shafti Isiyoyumba: Mwongozo Kamili wa Kusenta Kazi kwenye Chaki ya Mataya Manne

Shafti imejazwa kwa kuchomelewa, imechongwa upya, na beringi imeingia kwa kubana inavyotakiwa. Mota inawashwa na mtetemo uko pale pale. Muda si mrefu beringi imekufa tena. Mwenye mota analaumu beringi, fundi analaumu leithi, mashine inayozungusha chuma ili kichongwe.

Mara nyingi wote wawili wamekosea. Kiti kipya cha beringi, yaani sehemu ya shafti ambapo beringi hukaa, ni cha mviringo safi kabisa, ila mviringo huo hauna senta moja na shafti iliyobaki. Kosa lilitokea kabla kisu hakijagusa chuma, pale kazi ilipofungwa kwenye chaki, kile kishikilio cha leithi kinachobana kipande kwa mataya.

Mwongozo huu unahusu kufunga kipande kwenye chaki ya mataya manne, ile ambayo kila taya lina skrubu yake, mpaka geji isome kuyumba kwa milimita 0.02 au pungufu. Ukifuata mpangilio, kazi yote haizidi dakika chache. Usipoufuata, unaweza kuzunguka na ufunguo wa chaki nusu siku.

## Kwa nini 0.02 na siyo 0.1

Chukua beringi 6208, ambayo tundu lake ni milimita 40. Kiti chake kikichongwa kwa kipimo cha k6 (daraja la kubana la beringi kwenye shafti), kipenyo kinatakiwa kiwe kati ya 40.002 na 40.018. Nafasi yote uliyopewa ni milimita 0.016. Haina maana kuhangaika na mikromita kupata kipenyo hicho, halafu ukubali kiti chenyewe kikae pembeni ya senta kwa mara kadhaa ya nafasi hiyo.

Kumbuka pia kwamba usomaji wa geji ni mara mbili ya umbali ambao senta imehama. Mshale ukisogea jumla ya 0.40 katika mzunguko mmoja, kipande kimehama 0.20. Anayesahau hili husogeza mara mbili ya inavyotakiwa, kosa likahamia upande wa pili, akarudisha, likahama tena.

## Vifaa

- Chaki ya mataya manne yenye skrubu zinazozunguka bila kukwama. Zioshe na kuzipaka mafuta kwanza.
- Dayo geji, ile saa ndogo yenye mshale, inayosoma 0.01 kwa mstari. Kwa kazi za ndani ya tundu, tumia ile ya mkono mdogo.
- Stendi ya sumaku isiyocheza. Kaza viungo vyake vyote. Stendi iliyolegea husoma mtikisiko wake yenyewe.
- Funguo mbili za chaki, kama zinapatikana. Utaona faida yake hatua ya 5.
- Vipande vinne vya bati la shaba au alumini vya unene mmoja, karibu milimita 0.5 hadi 1, vya kulinda uso uliokwisha kuchongwa. Vikate kutoka bati moja. Vikitofautiana unene bado utaweza kusenta, lakini utaanza mbali zaidi.
- Nyundo ya nailoni, ya ngozi au ya shaba.
- Mikromita, chokaa au kalamu ya kuandikia chuma, brashi na kitambaa safi.

Chaki ya mataya matatu haiko kwenye orodha. Mataya yake hutembea pamoja kwa bamba moja la ndani, kwa hiyo huwezi kusahihisha upande mmoja peke yake. Hata ikiwa mpya huacha kuyumba kwa mia kadhaa za milimita (mia moja ni 0.01), na ikichakaa ni zaidi. Inafaa pale unapochonga kila kitu kutoka chuma kibichi kwa kufunga mara moja. Kwa kukarabati shafti iliyokwisha kuchongwa, iache.

Na kama shafti ina vitundu vya senta kwenye ncha zote mbili na bado ni vizima, huna haja ya chaki kabisa: ichonge kati ya senta mbili, zile ncha kali za leithi zinazoingia kwenye vitundu hivyo. Njia hii ni ya pale vitundu vimeharibika, havipo, au kipande ni kifupi.

## Hatua ya 1: Hakiki leithi kwanza

Zima swichi kuu, siyo kitufe cha mashine peke yake. Weka gia huru ili spindo, mhimili unaobeba chaki, izunguke kwa mkono.

Futa tundu la spindo, weka ncha ya geji ndani yake, zungusha taratibu. Leithi yenye afya haizidi 0.01. Kisha weka geji juu ya spindo na uiinue kwa gongo la mbao: mshale ukiruka zaidi ya 0.02 na kurudi, beringi za spindo zimelegea. Hakuna ustadi wa kufunga utakaofidia hilo.

Usiweke geji kwenye mzingo wa nje wa chaki kutafuta jibu. Mwili wa chaki ya mataya manne unaweza kuyumba kidogo na bado ukafunga kazi senta barabara, kwa sababu wewe ndiye unayeitafuta senta, siyo chaki.

Safisha pale chaki inapokaa kwenye spindo. Kipande kimoja cha chuma chembamba kama unywele hapo huinamisha chaki nzima.

## Hatua ya 2: Chagua uso wa rejea

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi.

Uso wa rejea ni sehemu ya shafti ambayo haijachakaa na ambayo inazunguka kwenye senta ya kweli ya shafti. Kwa rota ya mota, mara nyingi ni kiti cha beringi ya upande wa pili, au sehemu iliyo kati ya kiti na chuma cha rota ambayo haiguswi na kitu. Geji yako itakaa hapo kazi yote.

Usichague sehemu iliyochomelewa, sehemu iliyopigwa msasa kwa mkono, wala ile ambayo puli ilikuwa ikichezea. Pima uso huo kwa mikromita mahali pane kuuzunguka. Ukitofautiana zaidi ya 0.02, si mviringo tena, tafuta mwingine.

Kuchomelea kwenyewe hupinda shafti. Kabla ya kuendelea, ilaze shafti kwenye vibao viwili vya V, vikiwa chini ya nyuso nzima, na uizungushe chini ya geji. Ikiwa imepinda, inyooshe kwanza. Shafti iliyopinda haina senta moja ya kutafuta.

## Hatua ya 3: Funga kwa makadirio

Andika namba 1, 2, 3 na 4 kwenye chaki, pembeni ya kila taya. Taya la 1 linatazamana na la 3, la 2 na la 4. Bila namba utapotea katikati ya kazi.

Uso wa chaki nyingi una duara zilizochongwa. Zitumie: weka mataya yote manne kwenye duara moja linalokaribia kipenyo cha kazi, ingiza kipande pamoja na vipande vya bati, kisha kaza kila taya mpaka liguse tu. Angalau theluthi mbili ya urefu wa kila taya iwe ndani ya mfereji wake. Taya lililotokeza sana hushika kwa meno machache ya skrubu, na linaweza kung'oka kazi ikizunguka.

Kipande kikitokeza nje ya chaki zaidi ya mara tatu au nne ya kipenyo chake, panga msaada wa upande wa pili mapema. Tutaurudia kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Weka geji

Weka stendi kwenye gari la leithi (sehemu inayobeba kisu) au kwenye kitanda (reli ambazo gari hutembea juu yake), kamwe si kwenye kitu kinachozunguka. Pini ya geji iguse uso wa rejea karibu na mataya, ikielekea katikati ya shafti, kwa urefu ule ule wa senta ya leithi. Pini iliyokaa juu au chini ya senta husoma namba ya uongo.

Isukume pini ndani karibu milimita 1, yaani mzunguko mmoja wa mshale kwa geji nyingi. Bila hivyo, upande ulio chini pini itaachana na chuma, nawe utadhani mshale umetulia kumbe haugusi.

Zungusha chaki kwa mkono mzunguko mzima. Kama uso una mfereji wa kii, inua pini kila unapopita. Ikidumbukia inaweza kuvunjika.

Unachotakiwa kuona: mshale unapanda mara moja na kushuka mara moja katika mzunguko mmoja. Ukipanda mara mbili na kushuka mara mbili, kipande ni cha yai, rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Sahihisha jozi moja kwa wakati

Leta taya la 1 mbele ya geji, soma. Zungusha nusu, leta la 3, soma. Usiangalie la 2 na la 4 kabisa.

Tuseme taya la 1 limesoma 0.60 na la 3 limesoma 0.20. Namba kubwa ina maana uso umetokeza zaidi upande huo, kwa hiyo kipande kimehama kuelekea taya la 1. Katikati ya namba hizo ni 0.40. Hilo ndilo lengo lako, siyo sifuri.

1. Legeza taya la 3, lile la upande wa namba ndogo, kidogo sana.
2. Ukiwa na taya la 1 mbele ya geji, kaza taya hilo mpaka mshale ushuke kutoka 0.60 hadi 0.40.
3. Rudi taya la 3 ulikaze liguse, kisha soma pande zote mbili tena.

Hapa funguo mbili hulipa: mmoja kwenye taya la mbele, mwingine la nyuma, unalegeza na kukaza kwa pamoja huku macho yako kwenye mshale. Kazi inateleza badala ya kurukaruka.

Kulegeza daima kunatangulia kukaza. Ukilazimisha taya moja dhidi ya jingine lililobana, kipande hakisogei; kinachosogea ni chuma cha taya na chaki kujipinda. Mshale utakuonyesha umefaulu, halafu kisu kikianza kusukuma, mkazo ule unaachia na senta inahama.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa taya la 2 na la 4, kisha rudi kwa la 1 na la 3. Jozi ya pili ikisogea huburuta ya kwanza kidogo, hilo ni la kawaida. Kila mzunguko tofauti inapaswa kupungua kwa kiasi kikubwa. Isipopungua, kuna uchafu chini ya taya au bati limekunjika.

Kosa la kawaida hapa: kutafuta sehemu ya juu kabisa popote ilipo, tuseme kati ya taya la 1 na la 2, na kuanza kukaza mataya mawili kwa pamoja. Usifanye hivyo. Soma kwenye mataya tu. Jozi zote mbili zikiwa sawa, sehemu za katikati zitakuwa sawa zenyewe.

## Hatua ya 6: Mia za mwisho

Tofauti ikifika chini ya 0.05, acha kulegeza. Kuanzia hapo unakaza tu, upande wenye namba kubwa. Robo ya kugeuza mkono hapa ni nyingi mno. Unabonyeza ufunguo tu mpaka uone mshale unahama nusu mstari.

Hivyo ndivyo mataya yanavyofikia nguvu ya kushika na senta kwa wakati mmoja. Mwisho pita yote manne kwa mpangilio 1, 3, 2, 4 ukiyapa mkazo unaolingana, huku ukitazama geji. Taya moja likisukuma kazi nje ya senta, taya linalotazamana nalo litairudisha.

Umefaulu ikiwa mataya yote yamekaza vizuri, na mzunguko mzima hauzidi 0.02. Mshale uliotulia juu ya mataya yaliyolegea si kufaulu. Ondoa ufunguo kwenye chaki sasa hivi. Ufunguo ulioachwa humo mashine ikiwashwa huruka kwa nguvu ya kuua.

## Hatua ya 7: Kuinama

Hadi sasa umepima mahali pamoja, karibu na mataya. Kipande kinaweza kuwa senta hapo na bado kikawa kimeinama, ncha yake ikichora duara hewani. Watu wengi huishia hatua ya 6 na ndiyo maana kiti kinatoka senta upande mmoja, na upande mwingine kimepotea.

Sogeza geji umbali wa milimita 75 hadi 100 kutoka kwenye chaki, kwenye uso mwingine wa rejea, na uzungushe. Kuyumba kwa hapa hakurekebishwi kwa mataya. Tafuta sehemu ya juu kabisa, iweke chokaa, rudisha geji nyuma isiguse, kisha gonga hapo kwa nyundo ya nailoni. Pima tena. Geji iliyoachwa iguse wakati wa kugonga huharibika ndani bila kuonyesha nje.

Baada ya kila kugonga, rudi upime karibu na mataya, kwa sababu nako kutakuwa kumehama kidogo. Mizunguko miwili au mitatu ya kwenda na kurudi inatosha.

Kama kipande kinakataa kunyooka, sababu ni mataya marefu yaliyokishika urefu wake wote. Zungushia shafti waya wa shaba wa milimita 2 au 3, mzingo mmoja, na mataya yabane juu ya waya huo. Sasa shafti inaweza kugeuka kidogo kwenye mshiko, na mataya hayaipingi.

### Shafti ndefu yenye stedi

Kama ncha ya pili inashikwa na stedi, yaani kile kishikilio cha vidole vitatu kinachokaa kwenye kitanda, usigonge kwa nyundo. Sogeza vidole.

Angalia mtego uliopo. Sehemu iliyo ndani ya vidole huzunguka bila kuyumba hata kama stedi yenyewe iko nje ya senta, kwa sababu vidole vinaizuia pale. Ukiweka geji hapo na kuzungusha, utaona mshale umetulia na hujajifunza lolote. Badala yake, weka geji juu ya shafti na uendeshe gari la leithi kwa urefu wake bila kuzungusha, ukilinganisha sehemu mbili zenye kipenyo kimoja. Kisha rudia geji ikiwa ubavuni. Tofauti ya juu ina maana stedi iko juu au chini, ya ubavuni ina maana iko mbele au nyuma. Usipofanya hivi, kiti kitatoka na umbo la koni.

## Hatua ya 8: Kuchonga

Washa kwa kasi ndogo kwanza, simama pembeni ya chaki, siyo mbele yake. Glavu ziwe zimevuliwa, mikono ya shati imefungwa. Kipande kisicho na uzito sawa pande zote kinaweza kutikisa leithi nzima, hivyo panda kasi taratibu.

Kwa chuma laini na kisu cha chuma cha kasi (HSS), mita 30 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kipenyo cha milimita 40 hiyo ni karibu mizunguko 240 kwa dakika. Tabaka la kuchomelea mara nyingi ni gumu kuliko shafti, kwa hiyo tumia ncha ya kabaidi, na uzame chini ya gamba tangu mkato wa kwanza. Kusugua juu juu hula ncha bure.

Mikato ya kwanza itakatika-katika kwa sababu tabaka si sawa. Huo si ushahidi wa kutosenta. Baada ya mkato mzito wa kwanza simamisha, zima swichi kuu, na rudisha geji kwenye uso wa rejea. Kama mataya yangeteleza, yangeteleza hapo. Sahihisha sasa, wakati bado una chuma cha kutosha juu ya kipenyo cha mwisho.

Bakiza 0.2 kwa mkato wa kumalizia, na acha kipande kipoe kabla ya kuupiga. Chuma cha moto kimevimba, na kipimo chake kitapungua kikipoa.

Nyuso zote zinazopaswa kuwa na senta moja, yaani kiti, bega lake na pale sili inapogusa, zichonge katika kufunga huku kumoja. Ukilegeza taya, senta uliyoitafuta imekwisha, na ile utakayoipata mara ya pili ni nyingine.

## Hatua ya 9: Uhakiki ambao hautakudanganya

Ukiweka geji kwenye kiti ulichomaliza kuchonga, itasoma karibu sifuri. Itasoma hivyo kila mara, hata kama shafti ilifungwa vibaya kabisa, kwa sababu kiti hicho kimezaliwa na mzunguko wa spindo hiyo hiyo. Usomaji huo unasema spindo ni nzima. Hausemi lolote kuhusu shafti.

Uhakiki wa kweli ni kupima uso wa rejea bila kulegeza kitu. Ukisoma 0.02 au pungufu pale, kiti kipya kiko senta. Baada ya kutoa kipande, kilaze kwenye vibao vya V chini ya nyuso za rejea na uweke geji juu ya kiti kipya. Namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha mwenye kazi.

## Matatizo yanayobaki

Kipande kilikuwa senta, kikahama baada ya mkato wa kwanza. Mataya yalikazwa kwa kulazimishana, au bati ni laini na nene mno. Tumia jembamba zaidi.

Mshale haurudi namba ile ile kwenye taya lile lile. Stendi inacheza, au kichwa cha geji kimelegea kwenye mkono wake. Zungusha mara tatu bila kugusa chochote. Usomaji ukibadilika, tatizo si kazi.

Bomba jembamba lilitobolewa mviringo, likatoka lina pembe nne butu. Mataya yalilibana likajikunja, kisu kikachonga mviringo ndani ya umbo lililobanwa, na ulipolegeza bomba likarudi umbo lake. Punguza mkazo kwa mikato ya mwisho, au vika bomba pete iliyopasuliwa upande mmoja ili nguvu isambae mzingo wote.

Chuma cha mraba. Mataya hukaa kwenye nyuso bapa. Sukuma geji mbele isome katikati ya ubapa, irudishe nyuma kabla ya kuzungusha ili kona isiigonge, kisha ilete tena kwenye ubapa wa pili. Kwa hili geji iwe kwenye slaidi ya kukata (ile inayosogeza kisu kuelekea kazi na kurudi), na urudi kwenye alama ile ile ya mkono wa slaidi kila mara, ukiizungusha kutoka upande mmoja tu ili mlegeo wa skrubu usiingie kwenye hesabu.